Namna ya Kuwaibia Washkaji Ukweli Kuhusu Kava la Albamu

Umemaliza rasimu ya kava, unataka maoni. Ukilirusha kwenye kundi la WhatsApp na kuuliza "mnalionaje?", utavuna vidole gumba na alama za moto. Wenzako si waongo. Wanakupenda, na kesho nao watakuletea ya kwao. Basi ukweli usiuombe, uibe.

1. Likane. Sema, "Kuna dogo kaniletea hili, nimjibu nini?" Yule anayekusifia kila siku ataivuta simu karibu na kuanza kuchambua: herufi za jina zimezama kwenye koti la msanii, kivuli cha uso kinaangukia kushoto na cha gitaa kulia, fonti yenyewe ni ya kadi ya mchango wa harusi. Andika yote. Usitetee hata nukta; ukianza kueleza maana ya ule mbuyu wa pembeni, umejiuza. Wakishamaliza, ungama, kisha wanunulie soda. Wamefanya kazi.

2. Wape mawili. Mwenye kava moja mbele yake atasema "kali" na kuendelea na hamsini zake. Mwenye mawili lazima achague, na akishachagua atajieleza. La pili litengeneze kwa moyo uleule, maana ukiweka takataka kando ya kipenzi chako umejipigia makofi tu.

3. Waonyeshe likiwa dogo, halafu wanyang'anye. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote. Enzi za santuri za LP mbunifu alikuwa na mraba wa sentimita 31 hivi wa kujimwaga. Leo wasambazaji wa muziki mtandaoni wanakuomba picha ya pikseli 3000 kwa 3000, lakini msikilizaji wa Boomplay aliyebanwa kwenye daladala ataiona ikiwa na ukubwa wa kucha. Kwa hiyo lipunguze, mpe mtu simu, hesabu sekunde tatu, ichukue. Uliza: Nani kaimba? Umesoma nini? Ni muziki gani? Akikujibu "injili" na albamu ni ya singeli, usiku huu hulali. Na usimrudishie simu atazame tena, hata akikusihi. Msikilizaji harudi kutazama.

4. Mchokoze dizaina mwenzako. Ukimuuliza kama ni zuri, atakuwa muungwana. Muulize, "Ungekuwa wewe ungeanzia wapi?" Swali hilo hakuna dizaina anayeliweza, atafungua laptop mwenyewe na kukurekebishia nafasi kati ya herufi bure kabisa. Kasoro anazoziona zichukue. Suluhisho zake ziache, kwa sababu zitakupeleka kwenye kava lake, na msanii amekulipa wewe.

5. Nenda steshenari, printi nyeusi na nyeupe. Jina likipotea kwenye kijivu, ujue rangi ndizo zilizokuwa zinalibeba. Ukiwa hapohapo, mwonyeshe anayesubiri kutoa kopi ya cheti. Hakujui, hana sababu ya kukuonea huruma.

6. Hapakosi mjuzi wa kukuambia jina si la lazima, mbona The Dark Side of the Moon ya mwaka 1973 mbele haina hata neno? Kweli, ni mche wa kioo na mwanga kwenye weusi. Ila Pink Floyd walikuwa wameshatoa albamu saba za studio kabla ya hapo. Msanii wako anatoa ya kwanza. Mshukuru mjuzi, kisha likuze jina.

7. Siku ya kutangaza albamu, wataje wote waliokusaidia, na majina yao uyaandike bila kukosea. Kila mmoja atalirusha tangazo lako kwa ndugu na jamaa ili wamwone.