Namna ya Kununua Mashine ya Ziwani kwa Vernia

Ukienda Katoro kununua mashine ya boti iliyotumika, kitu cha kwanza utakachoombwa ni masikio yako. Muuzaji atazamisha propela kwenye pipa la maji, atavuta kamba, injini itaitika kwa mvuto mmoja, moshi utatanda, watoto watakusanyika, na mtu mmoja usiyemfahamu, mikono mfukoni, atatikisa kichwa na kusema, "Hicho ndicho chuma, kaka."

Hatua ya kwanza ya mwongozo huu: mwambie azime. Hatua ya pili: kaa kivulini hadi ipoe. Hatua ya tatu: toa vernia. Hapo minong'ono itaanza, maana mnunuzi mwenye vernia sokoni hutazamwa kama mgeni aliyekuja harusini na mizani ya kupimia pilau. Waache wanong'one. Fedha ni zako na ziwa ni refu.

Nasema hivi kwa sababu ya mjomba wangu. Duara lake la Nyarugusu lilitoa dhahabu mwaka mmoja, na badala ya kuirudisha yote ardhini kama wafanyavyo wengi, akataka boti ya dagaa. Akapata Yamaha ya farasi 15, tustroki, rangi safi, stika mpya. Akaisikiliza. Ilinguruma kama simba aliyeshiba. Wiki ya tatu ikanyamaza usiku wa giza nje ya Nkome, na watu 4 wakapiga kafi kwa zamu hadi alfajiri, upepo ukiwa hauwataki. Walirudi wote, namshukuru Mungu. Tulipoifungua injini tukakuta krenki iliyowahi kufumuliwa kubadilishwa beringi, kisha ikarudishwa kwa nyundo. Alama za nyundo zilionekana wazi kwenye ukingo wa chuma, kama meno kwenye hindi. Jina la muuzaji halimsaidii mtu. Kinachosaidia ni kujua kwamba kasoro ile ingeonekana siku ya kununua, mchana kweupe, kwa kipimo cha nusu saa.

Sasa tuingie kazini. Stroki ni safari ya pistoni kutoka mwisho mmoja wa silinda hadi mwingine. Safari hiyo haipangwi na pistoni. Inapangwa na krenki, kwa umbali uliopo kati ya mhimili wake na pini inayoshika konirodi. Zidisha umbali huo mara mbili, umepata stroki. Umbali huo haulikwi na miaka. Ringi zitachakaa, silinda itatanuka, kabureta itaziba, lakini stroki iliyotoka kiwandani ikiwa milimita 50 itabaki 50 hadi siku krenki itakapobadilishwa. Ndiyo maana naipenda namba hii kuliko zote. Rangi hupakwa, stika huchapishwa, ila stroki lazima mtu aibadilishe kwa kufungua injini nzima.

Yamaha ya 15 ya silinda mbili ina kipenyo cha milimita 56 na stroki ya milimita 50. Fanya hesabu mwenyewe: 5.6 mara 5.6 mara 0.7854 mara 5, kisha mara 2 kwa silinda mbili. Utapata sentimita 246 za ujazo, na ndiyo ilivyoandikwa kwenye vitabu vyake. Ndugu yake mdogo, ile ya 8, ana kipenyo cha 50 na stroki ya 42. Kwa hiyo ukipima ukakuta 42 ndani ya kitu kinachouzwa kama 15, huhitaji kubishana na mtu. Funga mfuko, aga kwa heshima.

Omba ruhusa ya kufungua hedi. Muuzaji atalia kuhusu gasketi, na hapo ana haki, kwa sababu gasketi ikishabanwa haipendi kubanwa tena. Mwambie, "Mzee, gasketi mpya nalipa mimi, ninunue nisinunue." Maneno hayo yamenifungulia hedi nyingi kuliko spana yoyote. Anayekataa hata baada ya hapo amekwisha kujibu swali ambalo hujauliza. Chomoa waya za plagi kwanza, zote mbili, na plagi zenyewe. Boliti zilegeze kidogo kidogo ukianzia za pembeni kuingia katikati, na wakati wa kufunga anzia katikati kutoka nje, ili hedi isipinde.

Kumbuka kwamba mashine ya boti imelala kwa namna yake: krenki imesimama wima, flaiwili iko juu kabisa, na pistoni zinakwenda mbele na nyuma kama watu wanaotwanga ukutani. Zungusha flaiwili kwa mkono hadi pistoni ije mbele kabisa, karibu na mdomo wa silinda. Weka vernia juu ya uso wa silinda, sukuma ule ulimi mwembamba wa kupimia kina hadi uguse kichwa cha pistoni. Soma. Zungusha hadi pistoni irudi ndani kabisa. Pima palepale. Toa namba ndogo kwenye kubwa. Hiyo ndiyo stroki.

Inaonekana rahisi, na hapa ndipo watu makini hukosea. Kichwa cha pistoni kina mgongo, hivyo ukigusa katikati mara ya kwanza na ukingoni mara ya pili, umepima mgongo pamoja na stroki. Tia nukta moja ya kalamu na urudi kwenye nukta hiyo. Pistoni pia hutikisika ndani ya silinda kama mlango wenye bawaba legevu, nayo hutikisika kuzunguka pini yake. Kwa hiyo nukta yako iwe kwenye mstari wa pini, mahali ambapo mtikisiko hauinui wala haushushi. Tena, kila unaposoma, bonyeza pistoni kwa kidole kuelekea ndani ili ulegevu wote ukae upande mmoja.

Huo ulegevu wenyewe una habari zake. Pistoni ikiwa mbele, ibonyeze, kisha jaribu kuivuta. Ikicheza huku flaiwili imetulia, beringi ya konirodi imekwisha. Konirodi inaruhusiwa kuyumba kidogo juu na chini, kufuata krenki iliyosimama, ndivyo ilivyotengenezwa. Kucheza mbele na nyuma hakuruhusiwi hata kidogo. Beringi hiyo katika tustroki haina oili yake ya kuogelea kama ya gari. Inaishi kwa ukungu wa oili iliyochanganywa na petroli, na wengi wetu tunachanganya lita 1 kwa lita 50. Mafuta yakipanda bei, kitu cha kwanza kupunguzwa kwenye mwalo ni oili, na beringi hiyo ndiyo inayolipa.

Kipimo ambacho kingemwokoa mjomba ni hiki kinachofuata, na ndicho ninachowasihi msikiruke. Krenki ya tustroki hizi za silinda mbili haikutengenezwa kwa kipande kimoja. Ni vipande vilivyobanwa kwa presi kwenye pini. Vikibanwa kwa nyundo, au vikipata pigo kubwa, vinajipinda. Stroki ya kila silinda itasoma 50 safi, na bado krenki ni mbovu, kwa sababu pistoni mbili zinazopaswa kupishana nusu mzunguko kamili hazipishani tena sawasawa.

Pistoni ikiwa mwisho wa safari yake haisogei sana hata flaiwili ikizunguka digrii kadhaa, kwa hiyo usijaribu kubahatisha mwisho huo kwa jicho. Fanya hivi. Chukua pistoni ya kwanza, isimamishe ikiwa milimita 10 kabla ya kufika mbele kabisa, na weka alama ya chaki kwenye flaiwili mkabala na alama yoyote isiyosogea. Endelea kuzungusha, ipite, na isimamishe tena ikiwa milimita 10 baada ya kupita. Weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo kituo, yaani mwisho wa kweli wa pistoni ya kwanza. Rudia kwa pistoni ya pili. Sasa zungushia flaiwili futi ya fundi cherehani: umbali kati ya vituo viwili uwe nusu ya mzunguko wote, kulia na kushoto sawa. Kwenye mashine ya mjomba tulikuta kituo kimoja kimehama milimita 8. Pale Nkome watu 4 walipiga kafi usiku kucha kwa milimita 8.

Ukikataliwa kabisa kufungua hedi na bado roho inaitaka mashine hiyo, kuna njia ya maskini: ingiza mti wa mshikaki kwenye tundu la plagi, zungusha taratibu, tia alama mbili kwa kalamu. Utapata stroki kwa kukosea milimita moja hivi, inayotosha kutofautisha 42 na 50. Haitoshi kwa kingine chochote. Na niseme wazi kwamba hata vernia haioni kila kitu. Yamaha ya 9.9 ya tustroki ina silinda na stroki zilezile za 15, sentimita 246 zilezile. Tofauti iko kwenye namna inavyopumua. Hapo tafuta fundi anayezijua kabureta.

Wale wa Kahama wenye majenereta madogo ya TG950 msijione mmeachwa. Silinda moja, kipenyo 45, stroki 40, sentimita 63 za ujazo. Hatua ni zilezile, na kazi nzima inakwisha kabla chai haijapoa.

Mwaka uliofuata tulirudi Katoro na mjomba, asubuhi. Tukasalimiana, mwangaluka, mwangaluka, tukaketi. Mashine ya kwanza ilikuwa na konirodi inayocheza. Ya pili muuzaji aliitetea kwa kiapo, kisha akaomba ashike vernia mwenyewe. Alisoma 50.0 mbele ya watu, alama za chaki zikagawanya flaiwili nusu kwa nusu, naye akafurahi kuliko sisi. Tulimlipa bei aliyotaja.

Vernia yangu mjomba aliiazima jioni ileile kwa siku moja. Mara ya mwisho nilipoiona ilikuwa Nkome mwaloni, mkononi mwake, akiwa amepiga magoti mbele ya mashine ya mtu mwingine, na wavuvi 5 wameinama nyuma yake wakisubiri asome.