Hukumu ya Kimanga

Mtu akitaka kuponzwa na mdomo wake, akosoe kimanga cha nyanya yake mbele ya wageni. Mimi nilifanya hivyo mkesha mmoja wa mwaka mpya, nyumbani kwetu karibu na Wundanyi. Nilisema, tena kwa upole, kwamba kilikuwa kigumu kidogo. Nyanya hakunijibu. Alinitazama, akaendelea kutafuna taratibu kama karani anayejaza faili. Miezi 11 ikapita. Desemba ilipoingia, akanipigia simu Voi: "Mjukuu wangu, goti limenikatalia. Kimanga cha mwaka huu utasonga wewe, mjuzi wa ulaini."

Kwa asiyekijua, kimanga ni chakula chetu Wadawida: kunde, maharage au mbaazi huchemshwa pamoja na muhogo, viazi vitamu au ndizi, kisha vyote vikapondwa kwa mwiko mpaka visahau vilikotoka. Kila nyumba ina chake na kila nyumba huapa kwamba chake ndicho chenyewe. Nyanya, mtu wa mlimani kwenye ubaridi, ni wa maharage na ndizi. Mama yangu alizaliwa huku chini kwenye jua la Voi, kwa hiyo ni wa kunde na muhogo, vitu visivyobabaishwa na ukame. Tarehe 1 Januari tunakula chapati na pilau kama Wakenya wengine, lakini kwetu mwaka haujafunguliwa mpaka kimanga kionjwe.

Nikaamua kuutetea ukoo wa mama. Sokoni Voi nilichagua mihogo minene, kisha nikakuta kunde za aina mbili. Mama muuzaji akanionyesha za msimu mpya. Nikamwuliza kuhusu zile za gunia la pembeni, zilizokuwa bei ya chini. "Hizo zimekaa," akasema. Nikamjibu kwamba kunde ni kunde. Akanipimia bila kubishana, na nilipaswa kushtuka hapo hapo, maana mwanamke wa sokoni asiyebishana amekwisha kukuhurumia.

Matatu ilipopita Mwatate na kuanza kupanda kona kwa kona, abiria wakatoa masweta. Mimi nilikuwa na gunia mapajani, na kila kona mhogo mmoja ulimchoma mzee wa jirani ubavuni. Tulipofika nilikuwa nimemwomba msamaha mara nyingi kuliko nilivyoomba kanisani mwaka mzima.

Saa nane mchana sufuria ilikuwa juu ya mafiga. Saa kumi nikaonja kunde: ngumu. Saa kumi na mbili, ukikoroga, zilikuwa bado zinagonga sufuria kama kokoto kwenye karai la mjenzi. Kunde zikihifadhiwa muda mrefu mahali pa joto huwa sugu, na nijuavyo mimi, Voi haina mahali pengine ila pa joto.

Ili kuficha aibu, nikaanza kuwahutubia waliozunguka moto. Nikawaambia kwamba Waitalia hukaribisha mwaka kwa dengu kwa sababu zinafanana na sarafu, na kwamba Wahispania hubugia zabibu 12 saa sita ya usiku. Nikawaambia pia kwamba kunde hizi hizi ni mmea wa Afrika, zilifika Marekani enzi za biashara ya watumwa, na hadi leo watu wa majimbo ya kusini huzila Januari 1 kutafuta bahati.

Shangazi alikuwa akinisikiliza huku akisukuma chapati. "Basi wapigie simu hao Wamarekani," akasema, "uwaulize huwa wanazipika kwa siku ngapi."

Usiku ukaingia, wote wakajifunga leso na makoti wakaenda kanisani kukesha. Nikabaki mimi, moto na kunde. Ndipo nilipokumbuka magadi. Kijipande kidogo tu hulainisha kunde sugu, kila mpishi anajua. Nisichokijua mimi ni kidogo ni kiasi gani. Nikatia kipande. Nikasubiri. Nikatia kingine. Cha tatu nilikitia kwa hasira.

Kunde zililainika, tena kwa kasi ya kutisha, zikageuka rangi ya maji ya mfereji. Nikatumbukiza muhogo, na ulipoiva nikaanza kuponda. Kimanga kikianza kushikana hakitaki mzaha: unakita miguu, unainama, unasukuma kwa bega. Jasho lilinitoka katika baridi ile ya mlimani. Kila nikivuta mwiko, nyuzi ndefu zilifuatana nao, maana sikuwa nimetoa ule mzizi wa katikati ya muhogo. Nikaongeza nguvu. Mwiko ukalia *ka!* nikabaki na mpini mkononi.

Walirudi kanisani saa saba, wamejaa baraka na njaa. Nikapakua. Nyanya akapewa wa kwanza. Akamega tonge, akalitia kinywani, akavuta uzi mmoja wa muhogo kutoka katikati ya meno, akauangalia kwenye mwanga wa taa kama fundi cherehani. Akameza. Nyumba nzima ilinyamaza.

"Mwaka huu," akasema, "tutakuwa wasafi."

Sikumwelewa mpaka nilipoonja. Magadi, yale yanayochimbwa kule Ziwa Magadi, hutumika kutengeneza kioo na sabuni, na usiku ule yalikuwa yameshafika nusu ya safari. Kila tonge lilitamani kutoa povu. Hata hivyo walikula, kwa sababu kwetu kimanga cha mwaka mpya hakirudishwi jikoni. Shangazi alikisindikiza kwa maji. Mjomba alifumba macho, na sijui kama ilikuwa sala. Hakuna aliyesema neno baya, nami nikaanza kuamini kwamba nimesamehewa.

Ndipo mtoto wa dada yangu, kijana wa darasa la saba, akasukuma sahani mbele. "Mjomba," akasema kwa sauti ya upole, "kimanga chako kina sabuni kidogo."

Nyanya akaacha kutafuna. Akamgeukia yule kijana polepole, akatabasamu kwa mara ya kwanza usiku ule.

"Njoo hapa, kitukuu changu," akasema. "Hivi una miaka mingapi sasa?"