Miungu ya Misri kwa Mtu Aliyepanga: Mwongozo wa Hatua Nane

Hongera kwa kuchagua dini isiyo na kamati ya ujenzi. Mahekalu yako yalishajengwa zamani, tena kwa mawe, na siku ukitaka kuyaona utakata tiketi ya kitalii. Wenzako wapo. Wengi wanaishi Marekani na Ulaya, wanajiita Wakemeti, kutokana na Kemet, jina la kale la Misri, na wamekata shauri kwamba Ra, Isis, Osiris na wenzao hawakufa, bali walikosa watumishi tu. Mwongozo huu unamhusu mtu wa aina hiyo: ana chumba cha kupanga mjini, rafu moja iliyo wazi, king'ora cha moshi darini na hamu kubwa ya ukuhani.

Hatua ya kwanza: hakikisha hakuna wa kukusahihisha

Maandishi ya mwisho ya hieroglifi yanayojulikana yalichongwa katika hekalu la Isis kisiwani Philae, tarehe 24 Agosti mwaka 394. Katika karne ya 6 Kaizari Justinian akaamuru hekalu lenyewe lifungwe. Hapo ikapita zaidi ya miaka elfu moja bila mtu kuweza kusoma hata jina la Ra ukutani, mpaka Mfaransa Champollion alipofumbua maandishi hayo mwaka 1822. Kwa hiyo kati yako na kuhani wa mwisho hakuna babu, shangazi wala mganga wa kukuhadithia ilivyokuwa. Hii ni neema. Katika dini zilizo hai, ukikosea kusoma kuna mzee safu ya mbele atakohoa. Kwako hakohoi mtu.

Pengo hilo utaliziba kwa vitabu. Anza na vya E. A. Wallis Budge, mtunzaji wa British Museum aliyefariki mwaka 1934, kwa kuwa vinapatikana bure mtandaoni. Wataalamu wa leo watakuambia kwamba vina makosa mengi na vimepitwa na wakati. Usiwasikilize mapema. Kwanza chora tatuu, ndipo ulinganishe tafsiri.

Hatua ya pili: tafuta ukoo, halafu jipe cheo

Huna haja ya kuanza peke yako. Mwaka 1970 lilianzishwa California kanisa liitwalo Church of the Eternal Source. Mwaka 1973 ikazaliwa Brooklyn, New York, Ausar Auset Society, kwa ajili ya Wamarekani weusi waliotaka dini yenye asili ya Afrika. Mwaka 1976 ikafuata Fellowship of Isis, katika ngome moja kijijini Clonegal, Ireland, nchi ambayo Ra, mungu wa jua, huitembelea kwa kubahatisha. Na mwaka 1988, katika eneo la Chicago, Tamara Siuda akaanzisha Kemetic Orthodoxy, na baadaye akatawazwa kuwa Nisut, cheo cha kifalme cha Mafirauni wenyewe.

Ukishajiunga utakuta kambi mbili. Wa kwanza hawanyanyui hata kikombe cha maji bila ushahidi wa papirasi. Wa pili wanasema Anubis aliwaeleza mwenyewe jana usiku. Chagua upande mapema, maana mabishano hayo yatakula muda mwingi kuliko sala.

Kuhusu cheo, kuna jambo moja la kunyamazia. Kwa sheria ya Misri ya kale, mwenye haki ya kumhudumia mungu ni Firauni peke yake. Makuhani wote walikuwa wanamkaimu. Raia wa kawaida hakukanyaga vyumba vya ndani vya hekalu. Alisubiri nje mpaka sikukuu, mungu apitishwe barabarani juu ya mashua iliyobebwa mabegani, na hata hapo sanamu ilikuwa imefichwa ndani ya kijumba chake. Habari hii haiuziki. Kila anayefufua dini hii anakumbuka kwamba zamani aliwahi kuwa kuhani au binti mfalme. Bado hajajitokeza aliyekumbuka kubeba matofali.

Hatua ya tatu: subiri mungu akuchague

Miungu ya Misri inayojulikana kwa majina inapita elfu moja. Usitishike, kwani utachaguliwa na mmoja kati ya watatu: Bastet wa paka, Anubis wa mbweha au Sekhmet wa simba jike. Hao ndio wanaopendeza kwenye fulana. Wale waliokuwa vyumbani mwa watu wa kawaida ni Taweret, kiboko mwenye mimba, na Bes, mfupi mwenye sura pana na ulimi nje. Ndio waliolinda wazazi, watoto wachanga na usingizi wa nyumba nzima. Siku hizi simu zao haziiti sana. Ukijiunga na Kemetic Orthodoxy unaweza kupigiwa ramli ili umjue mzazi wako wa kimungu. Ukiambiwa ni kiboko, tabasamu kwa adabu.

Kama una paka, hapo umepata msaidizi wa ibada. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus anasema kwamba paka akifa, watu wa nyumba hiyo walinyoa nyusi. Akifa mbwa, walinyoa mwili mzima na kichwa. Usimsimulie paka wako yaliyofuata. Mahekalu yalifuga paka kwa wingi, yakawaua wangali wachanga na kuwakausha, ili mahujaji wanunue wa kumtolea Bastet. Mwaka 1890 paka kama 180,000 wa namna hiyo walisafirishwa hadi Liverpool, wakasagwa kuwa mbolea ya mashamba ya Uingereza.

Hatua ya nne: jitakase

Kuhani wa kale alioga kwa maji baridi mara mbili mchana na mara mbili usiku. Alinyoa mwili mzima kila siku ya pili. Alivaa kitani tu na viatu vya mafunjo, sufu ikawa marufuku. Jaribu utaratibu huo Chicago mwezi Januari, halafu utuandikie ukiwa hospitali.

Kinywa kilitakaswa kwa natroni, chumvi ile ile iliyokaushia maiti. Wakemeti wa leo hujitengenezea kwa kuchemsha chumvi ya mezani na bikabonati ya soda ya kuumulia keki, kisha wanakausha mchanganyiko kwenye oveni. Msomaji wa Afrika Mashariki asihangaike: magadi ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi ni ya ukoo huo huo. Ila usiyatie kwenye maharage kisha ukaenda madhabahuni, maana Herodotus anasema makuhani hawakuvumilia hata kuona maharage. Wamisri wa leo, wanaofungua kinywa kwa sahani ya maharage ya ful kila asubuhi, wote wangefukuzwa ukuhani kabla ya saa tatu.

Hatua ya tano: amka

Hapa ndipo wengi huishia. Ibada ya hekaluni haikuwa mahubiri wala nyimbo za kusisimua. Ilikuwa utumishi wa ndani. Alfajiri kuhani alivunja muhuri wa udongo, akafungua milango ya kijumba, akasujudu mbele ya sanamu. Akafukiza ubani. Akaivua nguo za jana, akaiosha, akaipaka mafuta, akaivisha vitambaa vipya na kuiandalia chakula. Alipomaliza alifunga milango, akatia muhuri mwingine, akashika fagio na kufuta nyayo zake mwenyewe, sakafu ibaki kana kwamba hakuingia mtu. Adhuhuri kulikuwa na ibada, jioni ibada. Kesho yake tena, mwaka hadi mwaka, na mungu hakuwahi kumwambia ahsante.

Wewe una rafu ya kuunganisha mwenyewe na sanamu ya rezini iliyokuja kwa posta. Inatosha. Tatizo ni ubani. Malkia Hatshepsut alipeleka merikebu hadi nchi ya Punt, kusini kwa njia ya Bahari ya Shamu, zikarudi na ubani na hata miti yake, na safari yenyewe ikachongwa kwenye kuta za hekalu lake la Deir el-Bahari. Mkazi wa Unguja au Mombasa haoni ajabu yoyote, chetezo kiko ukumbini na ubani wa Dhofar hauhitaji msafara wa malkia. Mpangaji wa ghorofa ya tano ana king'ora darini. Tumia chetezo cha umeme, maana zimamoto wakivunja mlango, muhuri wa udongo hautawazuia.

Na usijilaumu sana ukichelewa kuamka. Makuhani wengi wa kale walikuwa wa zamu: mwezi mmoja hekaluni, miezi mitatu nyumbani kwenye shughuli zao. Mfufuaji anayetaka kuwa mtakatifu siku zote 365 ana bidii kuliko walioianzisha dini.

Hatua ya sita: toa sadaka, kisha ule

Hii ndiyo hatua inayotangaza dini kuliko zote. Mungu hula kiini cha chakula, na kinachobaki ni chakula chenyewe. Katika hekalu la Karnak mikate na nyama zilitoka mbele ya mungu Amun zikaenda kwa makuhani, na hakuna kumbukumbu ya kuhani aliyelalamika. Weka basi sahani ya wali na kuku mbele ya rafu, subiri mungu ashibe, halafu kaa chini.

Mwisho wa mwezi mambo yakikaza, Wamisri walishakufikiria. Dua ya sadaka kwa marehemu inaorodhesha mikate elfu, bia elfu, ng'ombe na ndege elfu, na kuitamka tu kunahesabika kuwa umetoa. Jaribu mtindo huo kwa Osiris. Usiujaribu kwa mwenye nyumba.

Hatua ya saba: sherehekea

Mwaka wa kale ulikuwa na miezi 12 ya siku 30 na siku 5 za nyongeza, ambazo ni siku za kuzaliwa za Osiris, Horus, Set, Isis na Nephthys. Wakemeti wengi hufungua mwaka mwanzoni mwa Agosti, nyota ya Sirius inapoonekana tena alfajiri. Wengine siku hizo humtengeneza joka Apep kwa nta, wanamtemea mate, wanamkanyaga kwa mguu wa kushoto, wanamchoma kisu kisha moto, ili balaa za mwaka ziende naye. Unaruhusiwa kuandika ubavuni mwake mabaya unayotaka yaondoke. Jina la bosi wako si katika hayo.

Kwa ulevi una dalili za kidini. Ra alipochoka na wanadamu alimtuma jicho lake, Sekhmet, awaue. Mama akanogewa na damu hata akawa hazuiliki, ikabidi mashambani imwagwe mitungi 7,000 ya bia iliyotiwa rangi nyekundu. Akainywa akidhani ni damu, akalewa, tukapona. Nako Bubastis, katika sikukuu ya Bastet, Herodotus aliambiwa na wenyeji kwamba hukusanyika watu 700,000 na kunywa mvinyo mwingi kuliko mwaka mzima uliobaki. Polisi wa barabarani hawajaridhia andiko hili.

Ukitaka kuwaona waliobaki na kalenda hiyo mikononi, nenda kanisani. Wakristo wa Kikopti wa Misri bado wanahesabu miezi ile ile, wa kwanza ukiwa na jina la mungu Thoth, na liturujia yao imehifadhi lugha iliyotokana moja kwa moja na ya Mafirauni. Na maandamano makubwa kuliko yote ya siku zetu yaliandaliwa na serikali: tarehe 3 Aprili 2021 wafalme na malkia 22 waliokaushwa walihamishwa Cairo kutoka makumbusho moja hadi nyingine, kwa mizinga 21 na wimbo wa Isis kwa lugha ya kale. Waliotazama ni Waislamu na Wakristo, wakapiga picha, wakarudi nyumbani kusali sala zao.

Hatua ya nane: mizani

Ukifa, moyo wako utapimwa mbele ya Osiris dhidi ya unyoya wa Maat, ambaye ndiye ukweli, haki na mpangilio wa mambo. Thoth anaandika. Pembeni ameketi Ammit, mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na matako ya kiboko, akisubiri mioyo mizito. Marehemu alitakiwa kukana makosa mbele ya waamuzi 42, na orodha hiyo haiulizi alikuwa na sanamu ngapi. Inauliza kama aliiba, kama alichezea mizani, kama alipunguza kipimo, kama alizuia maji yasimfikie mwenzake, kama alisikiliza kwa siri maneno yasiyomhusu, kama aliwazidishia watu kazi, kama alimlaza mtu na njaa.

Wamisri nao walikuwa binadamu. Tajiri alizikwa na mbawakawa wa jiwe kifuani, mwenye maneno ya kuusihi moyo usimtolee bwana wake ushahidi. Alizikwa pia na vinyago vya kumfanyia kazi za huko ahera, katika makaburi mengine 401: kimoja kwa kila siku ya mwaka na wanyapara 36 wa kuwasimamia. Shahidi amekatazwa kusema na kibarua ameshapangwa. Mtindo huo haujahitaji mtu wa kuufufua, kwa sababu haukuwahi kufa.

Kwa hiyo, msomaji mwenye haraka, ziruke hatua saba za kwanza, ubani na nyusi zako vibaki salama. Anza na hii ya nane. Kama unauza, kilo yako iwe kilo. Kama umeajiri, lipa mshahara tarehe yake. Kama una bomba la maji, usimfungie jirani. Fanya hivyo mwaka mmoja tu, ndipo uje tuzungumze habari za kununua sanamu.