Ombi la Kusajili Ghorofa la Jirani kuwa Sanamu ya Mchanga

Afisa Mipango Miji,
Halmashauri ya Jiji letu.

YAH: KUSAHIHISHA USAJILI WA GHOROFA LA MTAANI KWETU

Mheshimiwa, tafadhali husika na somo la hapo juu.

Nimekwisha kukuandikia barua nne kuhusu ghorofa linalopanda upande wa ufukweni, na mara zote nne karani wako alinijibu kwamba faili linafanyiwa kazi. Leo sikuandikii kulalamika. Nimekuja kuomba radhi. Kumbe muda wote nimekuwa nikilikosea ghorofa la watu jina.

Julai moja nilikuwa Marekani kwa dada yangu, anayeishi karibu na Boston. Akanipandisha treni ya Blue Line hadi Revere Beach, ufukwe wa kwanza wa umma nchini mwao, uliofunguliwa mwaka 1896, ili tukaone mashindano ya sanamu za mchanga yaliyoanza pale mwaka 2004. Kiingilio bure. Nilidhani nitakuta watoto na vindoo vyao. Nikakuta watu wazima, migongo imeiva kwa jua, wanachonga nyusi za binadamu kwa kisu kidogo, kisha wanapuliza punje zilizobaki kwa mrija, taratibu, kama mama anayemtoa mwanawe vumbi jichoni.

Nilichojifunza pale ndicho kilichonifungua macho. Mchanga wa ufukwe wenyewe hawautaki. Wanaleta mwingine kwa malori, maana punje za ufukweni zimesuguliwa na mawimbi mpaka zikawa mviringo, na ukizipandanisha zinateleza kama gololi. Mheshimiwa, kwa jirani yangu lori huja saa nane usiku, na asubuhi watoto wetu huokota makombe kwenye ule mchanga. Chumvi yake, nasikia, nondo huipenda sana, hasa ikitaka kuoza.

Wachongaji hufunga fremu za mbao, wakajaza mchanga, wakamwaga maji, wakashindilia. Kisha fremu nyingine juu yake, hivyo hivyo, tabaka kwa tabaka. Hapo ndipo wanapoanza kuchonga, tena kutoka juu kwenda chini, wakizivua zile fremu moja moja. Na maji yana hesabu yake. Mwaka 2012 Daniel Bonn wa Chuo Kikuu cha Amsterdam na wenzake waliandika kwamba mchanga hushikana vizuri zaidi maji yakiwa kama asilimia moja tu ya ujazo wake. Yaani wapo wasomi waliokaa maabara kulipimia maji kasri la mchanga! Kwetu maji hupimwa kwa mpira: fundi Maiko akichoka kukoroga zege, anafungulia bomba.

Wasomi hao hao walionyesha kwamba ukitaka kupanda juu, lazima kitako kipanuke. Jirani yangu alichimba msingi wa ghorofa mbili. Juzi wamemwaga zege la tano. Mirunda ya ghorofa ya nne waliing'oa mapema kidogo, kwa kuwa ilihitajika juu.

Kuhusu nondo sitasema mengi. Kwa kawaida mashindano haya hayaruhusu kuficha kiunzi ndani ya sanamu. Mchanga usimame wenyewe. Nimechungulia nguzo za jirani yangu kabla hazijafungwa mbao, na kwa kanuni hiyo mshindani wetu anaelekea kupata alama zote.

Ipo pia ile X nyekundu aliyoichora kijana wako mwezi wa pili. Mwezi wa tatu ilikuwa imefunikwa kwa rangi ya krimu. Nilikasirika, nakiri. Lakini kule Revere nilielezwa kwamba sanamu ikikamilika hunyunyiziwa gundi iliyozimuliwa kwa maji ili upepo usiibomoe. Nadhani ile krimu ndiyo gundi yetu.

Sasa sheria, maana najua utaniuliza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Nimepima kwa miguu yangu, maji yakiwa yamejaa: hatua thelathini na moja. Ukiliita jengo, mheshimiwa, wewe na jirani yangu mna kesi. Ukiliita sanamu ya mchanga, hakuna cha kudumu hapo, na faili linafungwa leo leo kabla ya chai ya saa nne.

Naomba tu, usajili ukishabadilishwa, sanamu yetu ipewe heshima wanazopewa wenzake. Izungushiwe uzio, watazamaji wasimame kwa mbali. Itangazwe ni lini inatarajiwa kushuka, kwa sababu pale Revere sikumkuta mtu hata mmoja aliyedhani sanamu yake itamaliza majira ya joto. Na jambo la mwisho linanipa shida kidogo kuliandika: katika mashindano yote niliyoyaona siku ile, hakuna mtu aliyekuwa akilala ndani ya sanamu. Hapa ghorofa ya chini tayari ina duka la dawa, na ya kwanza ina familia mbili. Moja imelipa kodi ya miezi sita, ya pili ya mwaka mzima. Mama wa familia hiyo aliniuliza juzi ule ufa wa ngazini ni wa nini. Nilimwambia aje kwako.

Kama amekwisha kufika, naomba usimwambie kwamba faili linafanyiwa kazi.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mkazi wa nyumba ya pili kutoka kwenye sanamu.

Nakala: Bahari ya Hindi, kwa taarifa na utekelezaji wakati wa bamvua.