Shangazi wa Gatini: Umependa Picha ya Kwenye Boksi

Wiki hii barua za mahari na mawifi zinasubiri. Kumbe Juba imeingiwa na homa mpya: watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, wanaagiza mashua za mfano zilizokatwa vipande ili waziunge wenyewe mezani. Shangazi amezaliwa Lamu, kwenye kelele za nyundo na harufu ya mafuta ya papa. Mmemfikia mwenyewe.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni karani kwenye kampuni ya malori. Binamu yangu anakuja kutoka Uingereza na amekubali kuniletea seti ya meli ya mbao. Nimechagua HMS Victory, ile ya Nelson. Sijawahi kushika msumeno, lakini bidii ninayo. Unanishaurije?*
*– Mwenye Ndoto, Gudele*

Marahaba, mwanangu. Umependa picha. Ndoa nyingi huanza hivyo, nazo Shangazi ndiye huzisuluhisha.

Meli hiyo iliteremshwa majini mwaka 1765, na ilikuwa na mizinga 104. Utakayoletewa kwenye seti utaipaka rangi na kuibandika mmoja mmoja. Ukimaliza, zinakungoja kamba: milingoti mitatu, na kila kamba na fundo lake. Watu wenye uzoefu hukaa nayo miaka. Wewe utafika ubavuni, mbao zitakataa kupinda, boksi litaingia chini ya kitanda.

Mwambie binamu akuletee chombo kidogo chenye kitako bapa, mbao chache kila ubavu, kisicho na sitaha wala mizinga. Wamarekani wa Model Shipways wametoa seti tatu za kufuatana kwa ajili ya wanafunzi kama wewe. Ya kwanza ni dory, mashua ya wavuvi, kwa kipimo cha 1:24. Ya pili ni prami ya Kinorwe yenye tanga, kwa 1:12. Ya tatu, mashua ya wavuvi wa kambakochi, ndiyo ngumu kuliko zote. Ukianza na dory, utakachojifunza kwenye ubao wa kwanza utakitumia kwenye wa pili.

Na usiogope kipimo kikubwa. Kwenye 1:12, sentimita moja mezani ni sentimita 12 za mashua halisi. Ubao unashikika kwa vidole vya mtu mzima. Kinachotesa ni meli kubwa iliyobanwa ikawa ndogo, kila kitu kinataka koleo na miwani.

Kabla hajalipa, aulize mambo matatu. Mataruma yamekwisha kukatwa, au utayakata mwenyewe? Maelekezo yana picha ya kila hatua? Na kama mbavu zinafunikwa kwa mbao, ni tabaka moja au mawili? Mawili yana kazi zaidi, lakini madhambi ya tabaka la kwanza hufichwa na la pili. Wewe utakuwa na madhambi. Maelekezo yakiwa karatasi moja yenye lugha tano na michoro midogo, boksi hilo libaki dukani.

*Shangazi, nimechoka. Mume wangu ameleta boksi la mashua. Vibanio vyangu vya nguo vimeisha kambani. Beseni la kufulia limejaa vijiti vilivyolowekwa, nikitaka kuvimwaga anapiga kelele. Jana asida ilikuwa na unga wa mbao. Huyu mtu ni mzima?*
*– Mama Nyumba, Munuki*

Pole, mwanangu. Ni mzima, ila hana adabu ya vyombo vya watu.

Ubao mwembamba ukiupinda mkavu unavunjika. Unalowekwa kwanza, ukilegea unapindwa taratibu kufuata mataruma, kisha unabanwa mpaka ukauke na umbo lake. Hapo ndipo vibanio vyako vilipokwenda. Mwambie aende soko la Konyo Konyo anunue vyake, na achague vya mbao. Akitoa waya wa katikati, akageuza vile vijiti viwili vitazamane kwa migongo, kisha akarudisha waya, atapata kibanio chenye mdomo mrefu na bapa, kisichoacha alama kwenye ubao. Kazi hiyo haihitaji zana ya dola arobaini.

Gundi iwe ile nyeupe ya maseremala. Gundi ya kukauka papo hapo haimpi mwanafunzi nafasi ya kutubu. Kisu kiwe chembamba na kikali, maana kisu butu ndicho kinachoteleza na kukata kidole. Msasa apigie nje, chini ya mwembe, aanze na wa kukwaruza na amalizie na laini. Na joto letu la Februari na Machi alikumbuke: mbao zikiachwa dirishani zinajipinda zenyewe, tena upande asioutaka. Azilaze bapa chini ya vitabu vizito. Beseni ni lako, anunue la kwake.

*Bi Shangazi, salamu. Sisi tuna Nile na mitumbwi yetu. Kwa nini vijana wapeleke dola Ulaya kununua vijiti vya mashua za Wazungu?*
*– Mzee wa Mto, Hai Malakal*

Salamu nimezipokea, mzee wangu. Ila chombo cha kuja kwa vipande si kigeni hapa. Yule Mwingereza Samuel Baker, alipotumwa na Khedivu Ismail wa Misri, aliagiza stima London kwa waunda meli wa Samuda, zije zimefunguliwa. Moja, ya tani 108, iliungwa Gondokoro, ng'ambo tu ya mji wetu, ikaitwa Khedive. Ilikusudiwa Ziwa Albert; maporomoko ya mto yakaizuia. Baada ya Baker kuondoka ikafunguliwa tena, ikapitishwa nchi kavu mpaka Dufile, juu ya maporomoko hayo, ikaungwa upya. Mwaka 1888 Emin Pasha, gavana wa jimbo hili wakati huo, aliipanda kwenda kuonana na msafiri Stanley ziwani. Chombo kimoja kikaungwa mara mbili, na waliobeba vipande hawakuandikwa kwenye boksi.

Kuhusu dola, umesema kweli. Kule Matondoni, kisiwani Lamu, mafundi wa majahazi huchonga na majahazi madogo, na hakuna aliyewapa karatasi ya maelekezo. Nasi hapa tuna ambachi, mti wa vinamasi vya Nile, mwepesi kupita kiasi. Washilluk hufunga mashina yake pamoja wakapata chombo cha kuvulia. Kisu cha jikoni kinaukata. Kijana auchonge mtumbwi mmoja wa shibiri moja kabla ya kuagiza lolote, ajue kisu kinakwendaje kikifuata nyuzi za mti na kinagomaje kikizipinga. Msaji wa Loka ni mbao nzuri, lakini kwa mkono mgeni ni mgumu. Mtumbwi ukimpendeza, aagize boksi. Ukimchosha, dola zake zimepona.

*Shangazi, nina maboksi matatu. Yote nimeyafungua, hakuna nililomaliza. Sasa nimeona la nne, zuri sana.*
*– Mkusanyaji, Kator*

Hapana. Bandu bandu huisha gogo, lakini gogo liwe moja. Chukua lile lenye mbao chache. Kama ulikwama kwa sababu ubao haulali vizuri karibu na omo, tatizo liko chini yake: kingo za mataruma hukuzipiga msasa kwa mshazari. Weka ubao bila gundi. Ukiona unagusa taruma kwa ncha tu, endelea na msasa mpaka ulale. Na mbao zipunguzwe upana kuelekea omo, maana huko nafasi ni finyu kuliko katikati. Pengo lililobaki changanya gundi na vumbi la msasa, ulizibe. Mafundi wa Lamu nao hutia kalafati, na hakuna anayewacheka.

Majibu ya mkato

*Wa Gumbo:* Mashua yako usiijaribu mtoni. Gundi nyeupe ya kawaida huachia ikilowa, na mkondo wa pale darajani haumngoji mtu. Beseni la mkeo pia hapana.

*Wa Nyakuron:* Ndiyo, mwanamke anaweza. Swali lako lilikuwa fupi, jibu pia.