Agronomu, Kapita na Maua ya Nyumba Yetu

Ndugu yangu, kama na wewe umeoa kwenye ukoo unaoamini kwamba udongo usiotoa mboga umelala bure, sogea tuongee. Mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Agronomu na mwenyewe anaitika, alihamia kwetu hapa Kindu kutoka upande wa Kasongo akiwa na mbegu za lengalenga zilizofungwa kwenye pindo la kitenge. Tangu siku hiyo, kila ninapopanda ua, lengalenga linaota pembeni yake.

“Mukwe wangu,” ananiuliza kwa upole wote, “hii maua, inakuliwa?”

Hayaliwi, Mama. Yanatazamwa, na mtu anayerudi jioni na vumbi la barabara mwilini anahitaji kitu cha kutazama. Mke wangu, Gavana, ananiunga mkono barazani na kumuunga mkono mama yake jikoni, na hivyo ndivyo tunavyoishi kwa amani. Sharti lake ni moja tu: maua yasile franga hata moja ya chakula cha watoto. Nami nakuhakikishia kwamba hayali.

Anza na bidoni. Mji huu umejaa mabidoni ya njano ya mafuta ya mawese, na lililopasuka hutolewa bure. Ila mwambie kijana wako achague lililopasuka! Kapita, kifungua mimba wetu, jina amelipata kwa kuamrisha wadogo zake kutwa nzima. Yeye alichukua kisu akapasua bidoni zima, na ndani yake kulikuwa na mafuta ambayo Gavana alikuwa ameyaweka kwa ajili ya wageni wa harusi. Ua wote uligeuka mwekundu, kuku nao wakawa wekundu. Wiki ile tulikula sombe bila mafuta, na hakuna aliyethubutu kuuliza sababu.

Bidoni la mafuta lioshe kwa maji ya moto na majivu mpaka utelezi uishe, kwa sababu mafuta yakibaki, udongo unakataa maji. Kisha choma msumari kwenye makala, utoboe matundu chini kabla ya kujaza udongo. Mvua zetu hazina huruma, na bidoni lisilo na tundu huozesha mizizi.

Udongo wenyewe ni udongo mweusi wa juu, mchanga kidogo wa mtoni, samadi ya mbuzi iliyokaa muda mrefu (mbichi inaunguza), na maganda ya mpunga. Hapo sisi wa Maniema tuna utajiri tunaoumwaga. Mpunga uko huku tangu karne ya 19, enzi za misafara ya Waswahili na Waarabu, Tippu Tip alipokuwa na ngome Kasongo, na mpaka leo penye mashini ya kukoboa pana kilima cha maganda. Yatandaze juu ya udongo ili yashike unyevu Juni hadi Agosti, mvua inapotuacha. Ama yaunguze polepole, na yakishakuwa meusi uyamwagie maji kabla hayajawa majivu. Ukiyachanganya na mchanga, vipandikizi vinapata kitanda chepesi.

Vipandikizi vyetu vilitoka Alunguli, ng'ambo ya mto, kwa shangazi wa Gavana, Shangazi Redio, mwenye ua mrefu wa haibiskasi nyekundu. Haibiskasi alinipa papo hapo. Ruhusa ya kuondoka ilisubiri habari za ukoo mzima ziishe, tangu ndoa ya babu yake hadi mbuzi aliyepotea juzi, na mtumbwi wa mwisho ulikaribia kuniacha. Ukienda kwa watu wa namna hiyo, beba kitambaa kibichi na jani la mgomba, ufungie matawi yasikauke.

Chagua tawi ambalo si teke sana wala si gumu, urefu wa shibiri moja. Kata chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ubakize mawili ya juu, chomeka mchangani, weka kivulini. Baada ya wiki nne hadi nane litakuwa na mizizi, mradi nyumbani kwako hakuna mtoto kama Daktari wetu, kitinda mimba, aliyeng'oa vipandikizi kila asubuhi kuona kama vimepona. Nilimfundisha kuvuta kidogo tu kwa vidole viwili: likikataa kutoka, limeshika. Sasa anavivuta vyote kidogo kidogo, na vinapona hivyo hivyo.

Kwenye mbegu nimeshindwa moja kwa moja, na ninafurahi kushindwa. Mimi niliacha vichwa vya zinia vikauke kwenye shina, kama inavyotakiwa, lakini Agronomu ndiye aliyevipukuchua, akavianika kivulini, akachanganya mbegu na majivu makavu ndani ya chupa ili wadudu wasiingie, akaziba kwa gunzi. Hakuna mbegu iliyooza. Hizo zifukie kidogo tu, na baada ya miezi miwili hivi unaona rangi. Yale maua yanayofunguka saa kumi jioni yenye mbegu nyeusi za duara kama pilipili manga, yaweke mbali na watoto. Mbegu na mizizi yake ni sumu. Yetu yako nyuma ya choo, Daktari asikofika.

Kitalu tumekigawa: lengalenga katikati, zinia pembeni. Kila nikipalilia, lengalenga limesogea tena. Lakini majirani wa hapa Mikelenge wanapokuja kuomba mbegu za maua, hawaniulizi mimi tena. Wanamwendea Agronomu na vichupa vyao, naye anawapimia zinia kwa kifuniko, anawaeleza kwamba zipandwe mvua za Septemba zikishika, na kabla hawajatoka langoni anawatilia lengalenga mkononi.