Shokapu, Mpira wa Kikomo na Uzito wa Ukoo

Chini ya gari la kupita njia mbovu hakuna kifaa kinachosingiziwa mengi kama shokapu, wala kinachosahauliwa kama mpira wa kikomo, na mjini Kolwezi, ambako kila mwenye gari ni mtaalamu wa magari hadi saa ya kumlipa fundi, dhuluma hizi mbili huenda pamoja. Shokapu, au amotisere kama waisemavyo mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa, hulaumiwa gari likilala upande, likipiga kelele, likila tairi, likimtapisha abiria wa nyuma, na katika nyumba kadhaa hata mayai yakifika yamevunjika. Mpira wa kikomo, ambao ni bonge la mpira lililofungwa kwenye chasisi juu ya ekseli ili vyuma hivyo viwili visigongane pale gurudumu linapopanda hadi mwisho, hukumbukwa siku ambayo haupo tena, na mara nyingi haupo kwa sababu ulidondoka zamani mahali fulani kati ya Kasaji na Dilolo bila mtu yeyote kuuliza habari zake.

Barabara zenyewe zina sehemu yao katika lawama. Kolwezi, mji uliozaliwa na shaba ya kampuni ya Union Minière katika miaka ya 1930 na kuwa makao makuu ya Mkoa wa Lualaba nchini Kongo mwaka 2015, umeunganishwa na Likasi na Lubumbashi kwa lami inayopita Fungurume, ambayo gari dogo huigawana na malori ya shaba na kobalti yanayoelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa mgawanyo ambao lori huchukua lami na gari dogo huchukua mashimo. Upande wa magharibi, barabara ya taifa namba 39 huendelea hadi Dilolo kwenye mpaka wa Angola, na huko udongo mwekundu huwa tope kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha miezi inayobaki ukawa vumbi lenye matuta madogo yaliyofuatana kama mgongo wa bati. Mwaka 2007 watafiti Taberlet, Morris na McElwaine walichapisha matokeo ya jaribio la kuzungusha gurudumu juu ya mchanga, wakaonyesha kwamba matuta ya namna hiyo hujitokeza gurudumu likivuka mwendo fulani, hata kama ni gurudumu tupu lisilo na springi wala shokapu. Hivyo dereva anayezilaani shokapu zake kwa ajili ya matuta angetenda haki zaidi kuulaani mguu wake wa kulia, pamoja na mguu wa kulia wa kila aliyemtangulia.

Kazi za vifaa hivi zimegawanywa waziwazi, ingawa wenye magari huzichanganya kwa bidii. Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu haibebi, kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka, na huifanya kwa kuyasukuma mafuta yapite kwa shida katika matundu na vali za pistoni, ili mwendo ugeuke kuwa joto, na ndiyo maana shokapu iliyotoka kwenye matuta marefu huweza kumuunguza fundi anayeipapasa kabla haijapoa. Mpira wa kikomo haufanyi lolote kati ya hayo mpaka mambo yameharibika, na hapo hupokea kwa muda mfupi sana kile ambacho springi na shokapu vimeshindwa. Katika Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1984 na ambayo Lualaba huendeshwa na wachimbaji, mapadri, madaktari na watumishi wa serikali bila ubaguzi, matoleo marefu yalipewa springi za koili mbele mwaka 1999, lakini nyuma yalibaki na springi za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Nyuma hiyo ikianza kuinama, mwenye gari huenda kununua shokapu za gesi, akiamini kwamba gesi italiinua gari, ingawa msukumo wa gesi katika shokapu hauzidi makumi machache ya kilo, uzito ambao mtoto mmoja wa shule huumaliza kabla hajaweka mkoba.

Kwa hiyo uchaguzi wa shokapu na wa mpira wa kikomo hauna budi kuanzia kwenye mzigo, tena mzigo wa kweli, na hapa ndipo uhandisi hugeuka kuwa upelelezi. Fundi mwenye busara huuliza, “Papa, gari inabebaka nini?” Jibu huwa, “Ni miye na madamu tu, tunaendaka ku misa.” Wakati jibu hilo linatolewa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuungama, kijana wa garaji huwa ameshafungua mlango wa nyuma, na juu ya sakafu ameona unga wa mahindi ulioganda pembeni, vumbi la makala, yaani makaa ya kupikia, manyoya ya kuku wa rangi mbili tofauti, na kiatu kimoja cha mtoto. Kijana hasemi kitu. Huufunga mlango polepole na kwenda kutafuta springi ngumu zaidi.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Tuseme gari likiwa tupu kuna sentimita 8 kati ya ekseli na mpira wa kikomo, na springi za nyuma hulala sentimita 1 kwa kila kilo 100 zinazoongezwa; mifuko 10 ya unga kutoka Zambia yenye kilo 25 kila mmoja, magunia mawili ya makala, na jamaa wanne walioketi juu ya magunia hayo, hufikia karibu kilo 600, na hivyo hubaki sentimita 2 za kupokea mashimo yote ya njiani. Sentimita 2 ni kidogo mno, na kila shimo linalozidi hapo humfikia abiria moja kwa moja kupitia uti wa mgongo. Hesabu hii aidha haijamhusisha mama mkwe, kwa kuwa hakuna fundi, wala mkwe, aliyewahi kuuliza uzito wake akapata jibu la kuandikwa kwenye karatasi. Yeye hupewa kiti cha mbele kwa heshima zote, na mafundi wa springi za mbele humhesabu kimyakimya. Shokapu mpya katika hali hiyo haisaidii kitu, maana gari limeshakaribia kulala juu ya mpira kabla halijawashwa, na kinachotakiwa ni springi zinazolingana na ukoo.

Wapo, hata hivyo, ambao tatizo lao si mzigo bali ni kimo. Magari ya migodini hufungwa bendera kwenye fimbo ndefu na taa ya kuzunguka, ili dereva wa lori kubwa la kubebea mawe, aliyekaa juu sana, aweze kuona kwamba chini yake kuna binadamu. Na kwa kuwa vitu hivyo huambatana na mshahara wa mgodini, mtaani navyo hutamaniwa, pamoja na gari lililoinuliwa hadi abiria akahitaji kigoda cha kupandia. Mwenye gari huongeza majani kwenye springi, kisha hununua shokapu ndefu ili zilingane na kimo kipya, na kufikia hapo huona kazi imekwisha. Jambo analolisahau ni kwamba shokapu ndefu ikifunguka ni ndefu pia ikifungwa, na kama urefu wake wa kufungwa unazidi nafasi iliyopo pale ekseli inapougusa mpira wa kikomo, basi shokapu hufika mwisho wake kwanza, pistoni ikagonga kitako cha silinda, na kifaa kilichotengenezwa kutuliza kikageuka kuwa nyundo. Dalili zake ni shokapu iliyochomoka kichwa, au bano lake lililong’oka kwenye chasisi, na mwenye gari anayerudi dukani kudai kwamba aliuziwa bidhaa bandia. Anayeinua gari hana budi basi kuushusha mpira wa kikomo kwa kipande cha chuma, ili uguse kabla shokapu haijajifunga kabisa, na kuangalia pia kama mabomba ya breki yanafika, kwani upande wa pili wa safari, gurudumu linaponing’inia shimoni, bomba fupi hukatika bila kutoa taarifa.

Dukani, vigezo vinavyotumika ni rangi, kisha ugumu, kisha maelezo ya muuzaji, ambaye kwa mkono mmoja hugonga kopo na kutangaza, “Hii iko ya mafuta, hii iko ya gazi.” Kwa kweli zote zina mafuta. Tofauti kubwa iko kwenye bomba: shokapu ya bomba mbili ina silinda ya ndani ya kufanyia kazi na bomba la nje la kuhifadhia mafuta, ilhali ile ya bomba moja, iliyotokana na kazi ya Mfaransa Christian Bourcier de Carbon na kuanza kutengenezwa mwaka 1953, huweka naitrojeni yenye shinikizo kubwa nyuma ya pistoni inayoelea, ili gesi na mafuta visichanganyike kuwa povu. Bomba moja hupoa upesi zaidi, sifa njema kwa mwenye kukimbia juu ya matuta, lakini jiwe likilibonyeza bomba hilo pistoni hukwama humohumo, ilhali kwenye bomba mbili lile la nje huweza kupigwa jiwe na la ndani likaendelea na kazi. Kwa gari la familia linalokwenda polepole na kupigwa mawe kila siku, bomba mbili pana za bei ya wastani zinatosha. Lakini ni vigumu kumweleza hayo mtu ambaye ameshaamua kununua za njano.

Kuhusu shokapu za okazioni, yaani zilizokwisha kutumika, itoshe kusema kwamba kopo lililopakwa rangi mpya hadi kwenye ufito wa pistoni limepakwa na mtu asiyetarajia ufito huo usogee.

Jaribio maarufu la kuligandamiza gari kwa mikono na kuhesabu linavyodunda linafaa kwa gari dogo. Kwenye Land Cruiser yenye majani yaliyoongezwa, kijana wa garaji huning’inia kwenye bampa ya nyuma miguu ikiwa hewani, fundi mkuu huinama na kutega sikio, mwenye gari huinama kwa kuwa fundi ameinama, na gari halitikisiki hata kidogo. Hitimisho linalotolewa baada ya ukimya wa kutosha ni kwamba shokapu zote nne zimekufa.

Mpira wa kikomo ukipotea, nafasi yake hujazwa kwa kipande cha tairi la lori, na wakati mwingine kwa gogo, ambalo sifa yake pekee ni kwamba likivunjika hupikiwa. Kipande cha tairi hufika mwisho wa kubonyea ghafla, na mpira mgumu hurudisha nguvu nyingi ulizopokea, hata gari likarushwa juu pamoja na unga. Mipira ya poliurethani yenye vitundu vidogo vya hewa hubonyea taratibu na kuzidi kukaza kadiri inavyoshindiliwa, na kwa gari la mzigo ndiyo ya kutafutwa. Vipo pia vikomo vya haidroliki, ambavyo ni shokapu fupi zenye mafuta na naitrojeni, vinavyopendwa na washindani wa Baja 1000, mashindano ya jangwani nchini Meksiko yaliyoanza mwaka 1967. Wao hawasafiri na makala.

Ili kujua kama mpira unagusa kabla ya shokapu kujifunga, mafundi hubandika kitu laini juu ya ekseli, moja kwa moja chini ya mpira, kisha gari hupakiwa mzigo wake wa kawaida na kupelekwa njiani, na kiasi ambacho kitu hicho kimebonyezwa ndicho kipimo. Udongo wa kufinyangia unafaa, lakini kilichopo karibu katika kila nyumba ni bukari, yaani ugali, na ya mahindi hukauka njiani, ikapasuka na kudondoka. Ya muhogo hunata vizuri na kuihifadhi alama hadi mwisho wa safari, mradi gari lisiegeshwe mahali penye kuku, kwani kuku wa Kolwezi huingia chini ya gari bila kuogopa joto wala mafuta, na fundi huletewa ekseli safi inayoonyesha kwamba mpira haukugusa chochote.